Hema Linavuja na Mvua Haijanyesha: Shida za Kambi ya Ziwani na Namna ya Kuzitatua

Saa nane usiku simu ililia. "Bosi, hema yako inavuja, watoto wamelowa." Nikamuuliza kama kunanyesha. Akanyamaza, nikasikia zipu ikifunguliwa. "Hapana. Nyota zimejaa tele."

Kazi yangu ni kukodisha mahema. Mengi huenda Naivasha wikendi, machache Baringo, na shule zikifungwa wapo wanaoyafikisha hadi Ziwa Victoria. Jumatatu yanarudi na malalamiko, na malalamiko yenyewe ni yale yale. Hema lililoshtakiwa kuvuja nalisimamisha uani, nalimwagia maji ya mpira kwa nusu saa, kisha naingia ndani na tochi. Mara nyingi natoka mkavu. Ndiyo maana siku hizi swali langu la kwanza kwa mteja halihusu hema kabisa. Namuuliza: ulilisimamisha wapi?

Kambi ninazozungumzia hapa ni zile zisizo na bomba wala stima. Choo ni cha shimo, na usiku kuna mzee mmoja wa lindo mwenye rungu. Kitu kikiharibika, fundi ni wewe. Lakini yako mambo ambayo si ya kujaribu ufundi, na hayo nimeyaandikia SIMAMA HAPA.

Ndani kumelowa

Kabla ya kulaumu hema, washa tochi uone maji yako wapi hasa.

Ukikuta matone madogo yametanda dari nzima, na mishono haijalowa kuliko kitambaa kingine, hiyo ni pumzi yenu. Watu wanne waliofunga kila tundu wanapumua mvuke usiku kucha. Mvuke ukigusa kitambaa kilichopoa unageuka maji, na upepo ukitikisa hema yanawadondokea kama manyunyu. Naivasha iko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu paa la nje hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Ongeza taulo mbichi, viatu vilivyolowa na birika la chai iliyoachwa wazi, utakuwa umejitengenezea mvua yako mwenyewe.

Fungua matundu yote ya juu. Acha mlango wa nje wazi shubiri mbili, wavu ukiwa umefungwa. Kaza kamba za ubavuni ili paa la nje lisiguse la ndani. Wateja hubisha hapa: "Tutaingiwa na baridi!" Baridi kavu inavumilika kuliko blanketi lililolowa, na atakayebisha na alale nalo usiku mmoja. Kukicha, hamisha hema. Toka kwenye kile kibonde cha nyasi laini karibu na maji, ambacho kila mtu hukipenda kwa sababu kinapendeza kwenye picha, upande hatua thelathini au arubaini mahali palipoinuka. Hewa baridi huteremka na kujikusanya mabondeni kama maji. Chini ya mti umande hupungua, ila kabla ya kushangilia kivuli cha mgunga tazama juu, maana tawi kavu halibishi hodi.

Maji yakiwa kwenye kona za sakafu huku dari ni kavu, na kweli mvua imenyesha, chungulia nje. Turubai mlilotandika chini limetokeza pembeni. Mvua inateremka ukutani, inaangukia juu ya turubai, na turubai linaipeleka moja kwa moja chini ya migongo yenu. Likunje lote liingie chini ya hema, vidole vinne ndani kila upande. Kati ya mahema yanayolowa kwa mvua ya kweli, hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi, na dawa yake haizidi dakika mbili.

Sakafu ikibonyea na kulialia ukiikanyaga, umelala kwenye mkondo wa maji. Wakati wa kiangazi mkondo hauonekani kwa urahisi, lakini ukiinama utaona majani makavu yaliyolazwa kuelekea upande mmoja na vimistari vya mchanga uliochujwa. Usichimbe mfereji, hama.

Ni pale matone yanapofuata mstari wa mshono ndipo nakubali kwamba hema lenyewe lina kosa. Utepe wa ndani umebanduka. Kambini, futa pakauke kabisa, bandika tepu nene upande wa ndani ulale. Nyumbani, bandua utepe uliokufa, sugua kwa spiriti, kisha paka gundi ya mishono. Hema la kawaida lenye utando unaong'aa upande wa ndani linataka gundi ya poliyurethani. Silikoni ya fundi wa vioo haishiki juu yake, na nimeshabandua nyingi kwa kucha.

Na kama maji yanayowafikia ni ya ziwa lenyewe, msishangae. Mwaka 2020 Naivasha ilipanda hadi ikawahamisha watu wa mtaa wa Kihoto. Mahali pa kambi mlipopaona kwenye picha ya zamani huenda pamegeuka makazi ya kambale. Muulizeni mlinzi maji yalifika wapi mwaka uliopita, kisha nendeni juu zaidi.

Hema limepeperuka, au fito zimevunjika

Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, yaani maji yanayochafuka. Anayefika saa nne asubuhi akakuta ziwa limetulia kama kioo hadhani kwamba jina hilo linamhusu. Alasiri linamhusu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo unavuma kutoka ziwani, usiku hugeuka.

Angalia vigingi kwanza. Vingi hupigwa wima, kama msumari. Kichwa cha kigingi kiinamie upande wa nje, mbali na hema, kiasi cha digrii 45, na kizame chote hadi ibaki ndoano tu. La pili ni udongo. Sehemu nyingi za Naivasha udongo ni jivu la volkeno, mwepesi kama unga wa ugali, na kile kigingi chembamba cha waya kinachokuja na hema hutoka kwa vidole viwili. Hapo jaza mchanga kwenye mfuko imara, funga kamba kiunoni mwake, uzike hadi kina cha kiwiko na ushindilie kwa kisigino. Ukanda wa mchanga wa Ziwa Victoria na kule Matema, Ziwa Nyasa, mambo ni hayo hayo.

La tatu, kamba za ubavuni. Mara nyingi nazipokea zikiwa zimefungwa bado kwa kile kimpira cha kiwandani. Hazikuwekwa pale kuwa mapambo. La nne, hema limeupa upepo ubavu mpana. Ligeuze upande mwembamba au wa chini utazame ziwa.

Anayeniuliza kama hema la dukani litahimili Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, namkumbusha kwamba nyika ile ndiyo iliyojengwa mitambo 365 ya umeme wa upepo.

Fito ya faiba ikipasuka, usiishike mikono mitupu. Nyuzi zake huingia kwenye ngozi kama miiba ya samaki, na hazionekani. Laza kijiti kigumu sambamba na ufa, kizunguke na tepu mara nyingi, kipite ufa kwa urefu wa kiganja kila upande. Kuna fito iliyonirudia imefungwa kijiko cha supu, imelinda familia usiku tatu. Kijiko sikukirudisha. Fito ya alumini iliyopinda kidogo iache hivyo hivyo; ukiinyoosha kwa goti itakatika.

SIMAMA HAPA: radi. Ukiona mmweko, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, hema si mahali pa kukaa tena, wala mti ulio peke yake, wala mtumbwi. Ingieni garini mfunge vioo, au kwenye jengo la kweli, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ziwa Victoria dhoruba nyingi huja usiku, kwa hiyo amueni mapema, kungali mchana, mtakimbilia wapi.

Baridi imewaamsha saa tisa

Wengi huongeza blanketi juu, nayo baridi inatoka chini. Godoro la upepo ndilo linalowaponza: hewa iliyo ndani yake inazunguka na kukabidhi joto lako ardhini. Tandika mkeka wa povu juu yake, au hata maboksi yaliyokunjuliwa. Baada ya hapo angalia nguo: umelala na soksi na fulana ulizotoka nazo jasho mchana? Badilisha zote, vaa kofia, nenda haja ndogo, weka chupa ya maji ya moto miguuni. Pombe inadanganya. Unahisi moto kwa sababu damu imekimbilia kwenye ngozi, na joto linakuponyoka huko huko. Hema la watu wanane wakilala wawili nalo ni baridi tupu.

Godoro likilegea alfajiri si lazima liwe na tundu. Hewa hunywea ikipoa. Liongeze pumzi kidogo, na kama limelala tena baada ya saa moja ndipo utafute miba ya mgunga kwa maji ya sabuni. Kiraka cha fundi baiskeli hushika kwenye mpira. La plastiki linataka gundi yake.

SIMAMA HAPA: mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka ghafla, akaanza kusema ovyo au kujikwaa maneno, hana nafuu, anazidiwa. Mvue nguo zilizolowa, mfunike mwili na kichwa, mpelekeni hospitali.

Kichwa kinauma, mtoto anatapika, na jiko liko ndani

Sina orodha ya sababu hapa. Ni moja: hewa ya kaboni monoksidi, ile inayotoka kwenye mkaa. Haina harufu wala rangi. Inashika kwenye damu mahali pa oksijeni, mtu anahisi kichwa kizito, kichefuchefu, kizunguzungu, kisha usingizi mtamu ambao wengine hawaamki. Jiko lililofunikwa jivu, ambalo mama ameliingiza "lipashe tu" kwa sababu moto umeisha, ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa linaonekana limekufa. Mlango uliofunguliwa nusu hautoshi. Jiko la gesi ndani ya hema nalo lina hatari hiyo hiyo, pamoja na kuchoma kitambaa.

Watu wawili hema moja wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja, usidhani ni jua la mchana.

SIMAMA HAPA: toeni kila mtu nje kwenye hewa safi, na aliyelala aamshwe atolewe pia. Kisha hospitali, hata kama wameanza kuchangamka, maana wanahitaji kupewa oksijeni na kupimwa. Kenya piga 999 au 112. Tanzania piga 112. Kama mtandao hausomi, msipoteze muda kuusaka: washeni gari.

Gesi haina nguvu, maharagwe hayaivi, kuni zinafuka moshi

Moto wa gesi ukififia alfajiri, shika mtungi. Ukiwa baridi na una jasho la umande, gesi ipo ila haitaki kuruka. Vile vikopo vidogo vya butani husumbua zaidi. Uweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, au lala nao karibu na miguu usiku unaofuata, ukiwa umefungwa na jiko limeondolewa. Usiuwekee moto chini. Niliwahi kupigiwa simu kuulizwa kama inafaa "kuupasha kidogo tu na mshumaa."

Mtungi si baridi na moto ni wa njano? Tundu la jiko limeziba masizi. Lizibue kwa uzi mmoja wa brashi, si kwa sindano, itapanua tundu. Ukinusa gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio. SIMAMA HAPA povu likichemka kwenye valvu yenyewe: funga, sogeza mtungi mbali na kila moto, na usiurudishe tena kazini, umrudishie muuzaji.

Maharagwe yasiyoiva Naivasha si ya mwaka juzi. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo hata yakitokota namna gani moto wake ni mdogo. Pika githeri nyumbani ukaupashe kule.

Kuni za kando ya ziwa hunywa unyevu usiku. Pasua gogo, tumia moyo wake. Ukipata leleshwa, mti ule wa majani ya kijivu yenye harufu ya dawa unaoota kwenye miteremko, umepata kuni: mafuta yake hushika moto hata haujakauka sawasawa. Nunua kwa mlinzi badala ya kukata.

Tumbo linasokota: maji

Kwanza mikono, kusema kweli. Dumu la maji na sabuni vikining'inizwa kando ya choo, nusu ya simu za tumbo zingekwisha. Pili vyombo vilivyooshwa kwa maji ya ziwa vikaachwa na unyevu. Ndipo yaje maji ya kunywa.

Chujeni kwa kitambaa safi, chemsheni hadi yatokote sawasawa. Dakika moja inatosha nchi za chini. Ukifika karibu na mita 2,000 kama Naivasha acha yatokote dakika 3. Dawa ya klorini inaua vidudu vingi lakini kuna vinavyoivumilia, na maji yenye matope huinyima nguvu. Choo kikijaa mkaamua kuchimba, iwe hatua themanini au zaidi kutoka majini.

SIMAMA HAPA: maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, jambo la kawaida kwenye ghuba ya Kisumu, msiyachemshe mkidhani mmeyatibu. Sumu ya mwani ule haifi kwa moto. Msiyanywe, msiyaogee, mbwa asiyaguse. Na mtoto anayehara akiwa na macho yaliyoingia ndani, mdomo mkavu, hajakojoa tangu asubuhi, mpeni maji ya chumvi na sukari ya pakiti mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Nasema njiani.

Nje kuna kitu kinatafuna nyasi

Sauti yenyewe ni kama mtu anayerarua gunia polepole, anapumzika, anarudia. Huyo ni kiboko, na kwa kawaida hakujia nyinyi. Jua likizama anatoka majini kula, kilo 40 hivi za nyasi kwa usiku, na kabla ya kupambazuka amerudi.

Sababu kubwa ya kumsikia karibu hivyo ni kwamba mmelala njiani pake. Njia ya kiboko haifanani na ya ng'ombe: ina mifereji miwili sambamba na kituta cha nyasi katikati, kwa vile miguu yake imeachana. Vichaka vya pembeni vimepakwa mavi hadi usawa wa kiuno, kwani huyatawanya kwa mkia. Zungukeni mtafute alama hizo kabla ya kugonga kigingi cha kwanza. Mama mmoja aliyenirudishia hema aliniambia walipenda "kale kanjia kazuri kanakoteremka ziwani." Kanjia!

Sababu ya pili ni waya wa umeme unaozungushiwa kambi nyingi za Naivasha. Betri imekufa, au hakuna aliyekumbuka kuuwasha. Saa kumi na mbili jioni muulize mlinzi, kwa heshima: "Mzee, waya umewashwa?" Hatakasirika. Sababu ya tatu ni makapi ya mboga na matunda mliyoyatupa nyuma ya hema.

Akiwa nje tayari, kaeni ndani, zimeni taa, semeni kwa kunong'ona. Kwa kawaida hema lililofungwa analizunguka. Kamba za hema ndizo humkwaza, kwa hiyo zifungeni vitambaa vyeupe kungali mapema. Haja ndogo iwe kwenye kopo. Nimeona wanaume wenye fahari zao wakikataa kopo. Saa tisa usiku walilikumbatia.

SIMAMA HAPA: msimmulike machoni, msimtupie jiwe, msijaribu kumfukuza kwa kupiga sufuria. Kubwa kuliko yote, msiwe katikati yake na maji, maana huko ndiko anakokimbilia akiogopa, na anakimbia kuliko wewe. Alfajiri ndiyo saa mbaya: yeye anarudi, nyinyi mnashuka kunawa uso. Kiboko aliyejeruhiwa, mwenye ndama, au anayezubaa kambini mchana kweupe ni kazi ya mlinzi na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Baringo, Turkana na Victoria ongeza mamba. Huko hakuna kuchota maji ukiwa umechutama ukingoni.

Mkate umetoweka, sakafu inatembea

Tumbili. Anajua zipu. Tundu dogo lililopasuliwa kando ya mlango ni kazi yake, na chanzo ni ndizi iliyolala ndani. Chakula chote kikae garini, hema lisinuke hata biskuti.

Sakafu ikionekana inatembea baada ya mvua, ni siafu. Usiwakanyage wala kupulizia dawa gizani. Watoeni watoto, kung'uteni matandiko, ondokeni kando saa chache, msafara utapita. Majivu ya moto yakimwagwa kuzunguka hema huwageuza wasipofika bado.

Kando ya Ziwa Victoria mnaweza kuona moshi mweusi ukija juu ya maji bila moto. Ni wadudu wa ziwa, mamilioni, na hawaumi. Zimeni taa, fungeni midomo.

SIMAMA HAPA: nyoka. Kifutu hulala njiani usiku bila kusogea, basi tochi iangalie chini. Aliyeumwa alazwe, mguu au mkono ufungwe kwenye ubao usitikisike, pete na saa vivuliwe, aende hospitali akibebwa. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, msisubiri jiwe jeusi la nyoka. Akitemewa sumu machoni, mwagieni maji safi mengi, dakika ishirini, kisha hospitali hiyo hiyo.

Zipu inapita lakini haifungi

Kichwa cha zipu kimepanuka. Kibane kidogo kwa plaisi, upande mmoja kisha wa pili, ukijaribu kila mara, ukizidisha kitavunjika. Ikiwa inakwama tu, ni mchanga: piga mswaki, kisha paka mshumaa. Meno yaliyong'oka apelekewe fundi cherehani.

Mmerudi nyumbani, mwili haujarudi

Homa inayoanza siku saba au zaidi baada ya kambi ya Baringo au Victoria ni malaria mpaka kipimo kikatae. Mwambieni daktari mlilala wapi. Asipoambiwa atatibu mafua. Usingoje wiki iishe homa ikiwa na degedege, kuchanganyikiwa au macho ya njano.

Muwasho wa miguuni baada ya kuogelea Ziwa Victoria au Nyasa, kisha uchovu na homa wiki kadhaa baadaye, au damu kwenye mkojo, ni dalili za kichocho. Hata asiye na dalili apimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini kipimo chake hutegemea uzito, kwa hiyo si ya kugawana mezani.

Hema linanuka na linanata

Hii ni simu ya miezi sita baadaye, na kwa kawaida hema si langu, ni la mteja mwenyewe. Alilikunja Jumapili likiwa na umande, akaliweka juu ya kabati.

Harufu ya ukungu yenye madoa meusi inatibika kiasi. Lisugue kwa sponji na maji baridi yenye sabuni laini, lisuuze, lining'inize kivulini siku mbili. Madoa yatabaki. Usilitie kwenye mashine ya kufulia, na usilianike juani wiki nzima ukidhani unaua ukungu. Jua la ikweta linakula nailoni.

Harufu ikiwa kama ya matapishi, kitambaa kikinata kwenye vidole na kumenyeka vipande kama ngozi iliyoungua, utando wa kuzuia maji umeoza. Watu huniletea nikaupake upya. Nimewahi kujaribu: unakwangua utando wa zamani kwa siku nzima, unapaka mpya, na mvua ya kwanza inapita kwenye kila sehemu uliyoisahau. Fito zake bado ni nzima, vigingi pia, na zipu naweza kuitoa nikaitumia kwingine. Kitambaa chenyewe nakipeleka kwa jirani yangu anayefuga kuku, naye hukifunikia magunia ya chakula kiangazi kizima.